Ndago Ndani ya Viatu vya Gaddja

Uvumi ulikuwa kwamba ndago, lile jani la kinamasini, ikivaliwa ingali na mizizi hurudi kwao, na aliyeivaa hurudi nayo. Ristin aliusikia dukani akinunua kahawa, akacheka kama wenzake, lakini haukumtoka.

Alikuwa ameshaing'oa.

Miaka yote ndago hukatwa kwa mundu mwisho wa kiangazi, mizizi ikaachwa majini. Hupondwa, huchanwa, husokotwa pete, na baridi ikija hujazwa ndani ya viatu vya ngozi ya kulungu, maana soksi peke yake hazifui dafu kwenye theluji ya huko kaskazini. Mwaka huo kampuni moja ilikuwa imechimba mitaro ili kinamasi kikauke, ichote udongo wake mweusi unaochomwa kama kuni. Watu walisaini karatasi za kuiruhusu. Ristin alisaini kwa kuwa jirani yake alisaini. Ndago ikabaki kwenye kidimbwi kimoja, na katapila lilikuwa linafika kesho yake. Akaingiwa na pupa, akaing'oa yote.

Theluji ilipoanguka, binti yake Gaddja alivaa viatu vyake vilivyojazwa ndago hiyo aende kituo cha basi. Miguu ikakata kushoto. Saa sita mchana Ristin alimkuta amesimama katikati ya kinamasi kikavu, maji yamemfika vifundoni, wala hayajaganda.

"Vua viatu, mwanangu."

"Nimejaribu, mama. Vimeng'ang'ania."

Ristin akapapasa chini ya maji. Mizizi ilikuwa imetoboa soli na kuzama.

Msimamizi wa mitambo akaja. "Mama, mwambie binti yako apishe. Tuna ratiba."

"Mwambie mwenyewe, masikio anayo."

"Mimi ningepisha, kaka," Gaddja akasema. "Mbishi ni miguu. Ongea nayo."

Dereva wa katapila alichekea kwenye kola. Msimamizi aliinama kidogo, kama anayetaka kweli kuongea nayo, kisha akajizuia. Walipigilia vigingi vinne kumzunguka Gaddja, wakaendelea kuchimba.

Kufikia masika kinamasi chote kilikuwa kimepakiwa kwenye malori. Kilibaki kisiwa cha ukubwa wa mkeka, chenye maji na ndago mbichi inayomfika Gaddja magotini. Kila mchana Ristin alimpelekea kahawa na nyama kavu. Barua ya kampuni ya kumtaka aondoke ilifaa kuwashia moto.

Malori yalipohamia kinamasi cha pili, Ristin alishusha jozi yake ya viatu iliyoning'inia nyuma ya mlango. Ilikuwa imejazwa ndago ileile yenye mizizi. Kabla ya kuivaa alibandika karatasi dukani, kwa wenye watoto:

Usisaini kwa kuwa jirani amesaini.
Usikate ndago kwa pupa.
Usiing'oe na mizizi.
Usiweke sukari kwenye kahawa ya Gaddja.
Ukitukuta tumesimama, usituambie tupishe.