Jani Mlangoni kwa Sabaha

Asubuhi ile Mektilda alijua jambo limeharibika, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa macho na hakuna aliyekuwa akisalimiana.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya soko la Kariakoo, vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, na ua wa kupikia nyuma. Mwenye nyumba, Bi Siwema, alikuwa na sharti moja, tena alilitaja kabla ya kutaja kodi: humu ndani mtu hampiti mwenzie asubuhi bila kumjulia hali. Umegombana naye, hujagombana naye, mwulize kaamkaje. Mektilda alipotoka Kibosho na mtoto mgongoni kumfuata mumewe Gaudens, fundi wa reli pale Gerezani, aliliona ni sharti la watu wasio na kazi. Baadaye alilizoea, akaona hata siku inakwenda vizuri zaidi. Lakini sasa siku ya sita ilikuwa inaingia hajamjulia hali mtu mmoja, na mtu huyo ni Sabaha, wa chumba cha mkabala.

Alifungua mlango kidogo. Wanawake walikuwa wamesimama ukumbini, khanga zimefungwa kifuani. Sabaha alikuwa amekaa chini sakafuni, mkono mmoja juu ya tumbo. Mbele yake, juu ya kizingiti, palikuwa na jani refu la kijani lililopigwa fundo.

Mektilda alilitambua mara moja. Jani lile aliliweka yeye, kabla ya adhana ya alfajiri.

Lilikuwa jani la isale. Kwao Kilimanjaro, mtu akimkosea mwenzake kosa zito lililomshinda mdomo, hulifunga jani hilo fundo akampelekea. Aliyepelekewa halikatai. Hata kama hasira ilikuwa ya miaka, akiliona hukaa chini akasikiliza. Mektilda alilipata kwa Anselmi, ndugu yake muuza vitunguu, ambaye alikuja na kichipukizi chake kutoka nyumbani akakiotesha ndani ya debe. Ila kwao isale hupelekwa mkono kwa mkono, mtu na mtu wakitazamana. Yeye aliona haya. Akaliweka chini akarudi ndani haraka.

"Nimeliruka," Sabaha alikuwa akisema, sauti haina nguvu. "Nimetoka kwenda kutawadha, nikaliruka kabla sijaliona."

"Na limefungwa," alisema Angelina, mshonaji wa chumba cha mbele. "Fundo kwenye mlango wa mwenye mimba. Hiyo siyo ya kuuliza. Mtu kalifunga tumbo."

Mimba. Ilikuwa ya miezi minne, khanga bado inaificha, na Sabaha alikwisha kuzika watoto wawili.

Feruzi, mumewe, kuli wa bandarini, alikuwa anafunga vifungo vya shati na vidole vinakosea matundu. "Namfuata mganga Buguruni," alisema. "Mimi sitagombana na mtu. Akifika, mwenye jani atajulikana." Akatoka.

Mektilda aliurudisha mlango, akauegemea. Mwaka uliopita mama mmoja wa mtaa wa pili alitajwa na mganga hivyo hivyo kuwa mchawi. Vyungu vyake vilitupwa barabarani, na toka Kariakoo hadi Gerezani hakupata chumba. Gaudens alikuwa ameshaingia kazini. Anaeli, mwanawe, alikuwa amelala kitandani, mdomo wazi. Hakuna aliyemwona akiliweka. Angeweza kunyamaza, akachochea mkaa, akapika uji kama kila siku. Labda mganga angesema ni mtu wa nje.

Akachungulia tena. Sabaha sasa alikuwa amelikumbatia lile tumbo kwa mikono miwili, macho hayatoki kwenye fundo.

Mektilda akatoka.

"Ni mimi niliyeliweka."

Mtu mmoja alirudi nyuma hatua moja, akagonga ukuta.

"Mnamsikia?" Angelina alisema. "Anasema kama anayesema kamwaga maji."

"Ngoja wewe," alisema Bi Siwema. Alikuwa mama mnene, mwenye miguu ya kuvimba, na aliposimama watu walijua mambo ni makubwa. "Mama Anaeli. Umeliweka la nini?"

"La kuomba msamaha, Bi Siwema. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Kwenu mnaomba msamaha kwa mafundo," Angelina alisema. "Mkitaka kumwua mtu je, mnampelekea maua?"

Mmoja alicheka, akajizuia. Bi Siwema hakucheka. "Umwombe Sabaha msamaha wa kosa gani?"

Hapo ndipo ulimi wa Mektilda uliponata. Kosa lenyewe hakuna aliyelijua ila wao wawili, na yeye angebeba ndoo za maji za nyumba nzima mwezi mzima kuliko kulitaja mbele za watu.

"Unaona?" Angelina alisema. "Hakuna kosa. Kuna jani tu."

"Mama Anaeli," Bi Siwema alisema taratibu, "mimi nina nyumba ya kutunza. Nieleze, au anza kufunga vitu vyako kabla Feruzi hajarudi."

Mektilda alimtazama Sabaha. Sabaha naye alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuwa anamtetea wala kumshitaki. Alikuwa anangoja.

"Tulikuwa uani," Mektilda alianza. "Nilikuwa nimeanika nepi za mtoto, nimejaza kamba yote. Sabaha akaniomba nizisogeze aanike shati la mumewe. Aliniomba vizuri. Mimi sikuwa nimelala, mtoto alikuwa anaumwa sikio." Alisita. Hilo la sikio lilikuwa kujitetea, na alijua. "Nikamwambia kamba hii waachie wenye watoto. Nikamwambia, wewe unaharakia nini, huna wa kumfulia nepi."

Bi Siwema alikaa tena kwenye kibao chake.

"Ni kweli, Sabaha?"

"Ni kweli."

"Na hukuniambia."

"Maneno hayo ningeyasemaje mimi kwa mdomo wangu, Bi Siwema?"

"Sikujua una mimba," Mektilda alisema. "Nilisikia baada ya siku mbili."

"Na kama nisingekuwa nayo?" Sabaha aliuliza.

Mektilda akatikisa kichwa.

"Kila asubuhi nakusikia unafungua mlango wako," Sabaha alisema. "Nasimama huku ndani, nasema leo ataniuliza nimeamkaje. Unapita. Siku sita."

"Niliona haya."

"Ukaona afadhali uniletee fundo."

"Kwetu mtu akipewa lile jani..."

"Kwenu ni mbali. Mimi niko hapa, ukinyoosha mkono unagonga mlango wangu." Akalisukuma jani kwa ncha ya kidole. "Lifungue."

Mektilda alipiga magoti. Fundo lilikuwa limekaza, na kucha zake alikuwa amezikata juzi. Alilivuta, likagoma. Wote waliinama kumtazama.

"Usilichane," Angelina alinong'ona, na safari hii hakukuwa na dhihaka.

Jasho lilimtoka puani. Akalegeza upande mmoja, akasukuma, akalegeza tena, na pole pole jani likateleza, likafunguka, na mkunjo wake katikati. Akalilaza chini.

"Sasa sema," Sabaha alisema.

"Nisamehe, Sabaha. Nilikuumiza, tena kwa makusudi. Wakati ule nilitaka uumie."

Sabaha alivuta pumzi ndefu. "Sijui kama imekwisha," alisema. "Bado inaniuma. Lakini woga umenitoka, na woga ndio ulikuwa unaniua. Niinueni."

Mektilda na Angelina walimshika, huyu huku na huyu huku, wakamsimamisha.

Feruzi alirudi jua limekwishapanda, na mzee mmoja anayechechemea, mkoba begani. "Mgonjwa yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Shikamoo, baba," Sabaha alisema kutoka uani, alikokuwa anapuliza moto. "Umesumbuliwa bure. Karibu chai."

"Marahaba. Nimetembea toka Buguruni na goti hili."

"Basi utakunywa vikombe viwili."

Feruzi alitazama kizingiti, akawatazama wanawake mmoja mmoja. "Nani aliweka jani?"

Bi Siwema alitaka kujibu. Mektilda akamwahi.

"Umeamkaje, shemeji Feruzi," alisema. "Kuna neno nilimwambia mkeo, baya. Kaa nikueleze mwenyewe."

Feruzi hakukaa. Lakini alisikiliza mpaka mwisho.