Unyasuri Ndani ya Uzio

Anastazia alipona Oktoba 1974, mwezi mmoja baada ya kijiji chake kuondolewa, kwa hiyo hospitali haikuwa na mahali pa kumrudisha.

Sheria ilikuwa fupi. Mgonjwa wa akili huruhusiwa kurudi kijiji kilekile kilichoandikwa kwenye fomu siku alipoletwa, na balozi wa nyumba kumi wa kijiji hicho ndiye anayekuja kumpokea kwa saini. Fomu ya Anastazia ilisema Unyasuri. Watu wa Unyasuri walikuwa wamepakiwa kwenye malori ya Operesheni Vijiji ya Serikali na kushushwa ng'ambo ya mbuga, mahali palipoitwa Namba Saba. Tembe zao, nyumba zao za udongo, zilibomolewa ili wasirudi.

Yeye aliletwa Juni 1971 kwa mkokoteni wa ng'ombe, amefungwa kamba, kwa sababu baada ya kujifungua alikaa siku kumi na moja bila kulala, kisha akaanza kugombana na mtama shambani. Mtoto wake, Maria, alikuwa na miezi minne. Sasa Anastazia alilala vizuri, hakugombana hata na wauguzi, na alitaka jambo moja tu: kwenda kumlea mwanawe kabla hajamsahau.

Hospitali yenyewe Wajerumani waliijenga iwe ghala la ngozi. Waingereza wakaifanya jela. Baada ya Uhuru kuta zilipakwa chokaa, nondo za madirisha zikapakwa rangi ya kijani, ikawa hospitali. Ilikuwa na wodi mbili, jiko, kisima, chumba cha dawa kisicho na dawa, na karani.

Karani aliitwa Gabrieli. Mzee Alute, aliyekuwa balozi wa Unyasuri, alipotembea siku mbili kuja kumchukua Anastazia, Gabrieli aliisoma barua yake hadi mwisho, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mzee, hapa umeandika Namba Saba."

"Ndiko tunakokaa."

"Mgonjwa hakutoka Namba Saba."

"Hakuna aliyetoka Namba Saba, mwanangu. Hata mimi sikutoka huko. Tumemwagwa kama mchanga."

"Basi lete barua ya Unyasuri."

"Nani aiandike? Unyasuri sasa wanakaa fisi."

"Fisi si balozi," alisema Gabrieli, akamrudishia barua yake.

Jumatatu iliyofuata, jiwe la kusagia la mama yake Anastazia lilikuwa chini ya kitanda chake wodini. Dorkas, muuguzi wa zamu, alilipiga kwa kidole cha mguu wakati wa kugawa uji, akakumbusha wodi nzima kwamba vyombo vya nyumbani haviruhusiwi. Jumatano ukuta wa udongo ulisimama kati ya jiko na wodi ya wanawake. Ijumaa ukuta ulikuwa na wenzake watatu, mlango, na paa la udongo. Nyumba za majirani zilifuata kwa mpangilio wake wa zamani, pamoja na zizi la miiba, na ule mpaka wa shamba ambao watu wawili waliugombania tangu enzi za mkoloni, ukiwa bado umepinda. Mpishi alilalamika kwamba sasa analazimika kuzunguka kijiji kizima, na uji unafika umepoa.

"Dada, hiki ndicho kijiji chenu?" Dorkas aliuliza.

"Ndicho."

"Mbona hakina watu?"

"Watu walipakiwa kwenye lori. Nyumba hazikupakiwa."

Dorkas alimwambia Gabrieli. Gabrieli alitoka nje, akahesabu tembe ishirini na tatu, akarudi ofisini, akakubali kwamba Unyasuri ipo. Mzee Alute akaitwa. Alikaa mlangoni kwake, akaunusa ukuta kidogo, akatia saini. Muhuri ukapigwa. Anastazia alivua gauni la hospitali, akavaa khanga aliyokuja nayo, akatoka wodini akaenda nyumbani. Zilikuwa hatua arobaini na mbili.

Hakukaa. Alifika, akagusa mlango wa mama yake, akaelekea getini.

"Unatoka wapi?" aliuliza Mazengo, mlinzi.

"Unyasuri. Naenda Namba Saba kumchukua mwanangu."

"Unyasuri iko ndani ya uzio. Aliye ndani ya uzio na si mtumishi ni mgonjwa."

"Nimeruhusiwa, kaka. Muhuri huu hapa."

Mazengo aliutazama muhuri. "Umeruhusiwa kwenda Unyasuri, dada. Si umeshafika?"

Gabrieli akamfungulia fomu mpya ya mgonjwa. Kwenye nafasi ya kijiji aliandika Unyasuri, kwa kuwa ndiko alikotoka. Mzee Alute naye alizuiwa, akaachiwa aliposema kwamba yeye ni mtu wa Namba Saba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina hilo bila kutema mate.

Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi kutoka mkoani. Alipita kwenye vichochoro vya Unyasuri na daftari lake, akainama kuingia katika nyumba mbili, akaandika: "Hospitali imejiongezea majengo ishirini na matatu na zizi moja bila kuiomba Serikali hata bati. Huu ni mfano mzuri wa kujitegemea." Hospitali ikapewa cheti. Gabrieli alikitundika ukutani, juu ya kabati la fomu.

Kila mwaka, baada ya mavuno, Mzee Alute alikuja kutia saini. Kila mwaka Anastazia alivaa khanga ile, akatembea hatua arobaini na mbili, akafika getini. Mazengo hakuwahi kumpandishia sauti.

Juni 1981 Sara, dada yake Anastazia aliyemlea Maria, alimleta mtoto kumwona. Maria alikuwa na miaka kumi, miguu mirefu, na alimshika Sara mkono wakati wote.

"Amkia," Sara alimwambia.

"Shikamoo, mgonjwa," alisema Maria.

"Marahaba," alijibu Anastazia, akamtolea kigoda.

Kufikia siku hiyo alikuwa amepona kwa miaka sita na miezi minane. Zilikuwa zimetumika fomu nane, saini saba, siku thelathini na mbili za miguu ya Mzee Alute, khanga moja, na mtoto mmoja.