Pua ya Boila

Fundi wa boila katika nyumba ya kufulia mashuka hakuogopa moto, hakuogopa mvuke, wala hakumwogopa sana bosi wake, ingawa mama yule alikuwa na sauti ya kupasua vikombe. Mtu mmoja tu ndiye aliyemfanya afyate mkia: mama mkwe wake.

Jana mama mkwe alikuja kumtembelea binti yake, mke wa fundi, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha pili. Magoti yalimsumbua kwa baridi. Akachungulia huku, akachungulia kule, mwisho akaingia chumba cha boila, akavuta kiti, akakisukumiza ukutani na kujimwaga juu yake. Mungu alikuwa amemjalia umbo. Akishakaa, kiti hukioni tena.

Balaa ni kwamba nyuma ya kiti kile, chini ukutani, ndipo lilipokuwa tundu la hewa. Boila ya gesi inapumua kama wewe na mimi. Kila asubuhi fundi alilipigia magoti tundu lile, akasugua wavu wake kwa brashi kuondoa nyuzi na vumbi la nguo, kisha akachungulia moto kwenye kidirisha. Moto wa buluu, mambo shwari. Moto wa njano, boila imekabwa koo: masizi yanapaa kwenye bomba na kutua juu ya mashuka yaliyoanikwa uani, na hewa ya sumu inamnyemelea aliyemo ndani.

Jioni ile mashuka yalikuwa na madoadoa kama kuku wa kienyeji. Bosi alisema, "Doa moja tena, fundi, ukawashe moto kwenu."

Leo mama mkwe alikuwa amekaa palepale tena, na moto ulikuwa wa njano kama papai.

Fundi akafungua mlango, hewa iingie.

"Baba, funga," mama mkwe akasema kwa upole. "Upepo unanitafuna magoti."

Akafunga. Sasa utamwambiaje mama mkwe kwamba makalio yake yameziba hewa? Neno lenyewe fundi alikuwa hajawahi hata kuliwaza mbele yake. Akazunguka kwa mbali.

"Mama, kule kwenye pasi kuna joto zuri sana."

"Na umbea. Hapa pazuri."

"Nikubadilishie kiti, mama? Hiki kimechoka."

"Kimechoka, lakini kimeshanizoea."

"Ukuta huo una unyevu, mama."

"Ndiyo unanipoza mgongo, baba. Wewe fanya kazi yako."

Kichwa kikaanza kumgonga. Hapo akapiga moyo konde: aibu haijaua mtu, hewa mbaya inaua. Akazima boila, akaacha mlango wazi.

Haukupita muda, bosi huyo, shuka lenye povu mkononi. "Nani kazima? Maji ya moto yako wapi?"

"Boila haina hewa, bosi."

"Hewa imekwenda wapi?"

Fundi akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Akatazama kila kitu isipokuwa kiti.

Mkewe naye akaja kuchungulia nyuma ya bosi. Akamwona mume anavyotiririka jasho, akamwona mama yake alivyotulia, akaelewa. "Mama! Umekalia pua ya boila!"

Fundi aliomba ardhi ipasuke immeze.

Mama akainuka, akageuka, akaliona tundu. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe! Tangu jana kuna kitu kinanivuta gauni kwa nyuma. Nikanyamaza. Nikajisemea, loo, na uzee huu bado natakiwa!"

Chumba kilipopata hewa safi, fundi akawasha tena. Buluu tupu. Mama akahamishia kiti upande wa pili, akajipa kazi bila kuajiriwa. Wafuaji waliozoea kutupa makapu yao pale walikoma. "Wewe! Toa kapu lako puani mwa mwenzio!" Mashuka yakawa meupe kama maziwa.

Siku moja bosi akaingia kumgombeza fundi kwa jambo jingine. Kwa kuwa alikuwa na mengi ya kusema, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Palepale. Bosi naye hakuwa mwembamba. Njano ikaanza kuchungulia kidirishani. Fundi akamtazama mama mkwe.

Mama akakohoa. "Mwanangu bosi, sogea kidogo. Mimi mwenyewe nilihamishwa hapo, na sisi wawili kipimo chetu kimoja."