Nguo Zenye Namba za Vyumba

Haya niliambiwa na Farhana, yule anayeuza vifungo na nyuzi pale soko la Owino, siku ya tatu baada ya Idi ya kuchinja, tumekaa kwake tunamenya ndizi za matoke. Yeye aliyapata kwa Alanyo mwenyewe, jirani yake wa kibanda. Jambo moja katika hayo alilianzisha yeye mwenyewe, ingawa hilo alilitaja haraka haraka kisha akaendelea kumenya.

Alanyo ni mjane wa sajini. Anauza mitumba, nguo za kike tu, na anaishi katika vyumba viwili chini ya kilima cha Mbuya pamoja na mjukuu wake Amito, mtoto wa miaka kumi na moja. Mama wa mtoto, Lamwaka, alikwenda Uingereza miaka tisa iliyopita, akamwacha Amito bado anakojoa kitandani. Kila alipoulizwa anafanya kazi gani huko, alijibu, "Ofisini, Mama." Lakini ukimpigia mchana, amelala. Alanyo alikuwa akijiuliza ni ofisi gani hiyo inayofunguliwa usiku.

Sasa Lamwaka amekuja, siku kumi tu, na sanduku moja na barua moja. Sanduku lilikuwa la zawadi. Barua ilikuwa ya Alanyo kutia saini, kwamba yeye bibi aliyemlea mtoto anamwachia mama yake amchukue Uingereza. Ikishatiwa saini ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa Jumatatu, igongwe muhuri, na Jumanne Lamwaka arudi nayo.

"Mtoto atalala wapi huko?" Alanyo aliuliza siku ya kwanza.

"Nafasi ipo, Mama."

"Nafasi ipo wapi?"

"Nyumbani."

Alanyo hakupenda jibu hilo. Miaka tisa ameletewa picha kwenye simu, na katika kila picha Lamwaka amesimama mbele ya ukuta uleule na pazia lilelile la kijani. Mtu mwenye nyumba, akajisemea, siku moja angesimama hata mlangoni.

Kuna kazi ambayo mwuza mitumba huifanya bila kujijua. Nguo ikimfikia mkononi, kidole kinaingia kwenye ukosi, kinashuka kwenye mshono wa ubavu, kinageuza pindo. Siku ya nne, Lamwaka akiwa amelala fofofo saa sita mchana, Alanyo alizitoa tena zile zawadi na vidole vikaanza safari yao. Kwanza alizinusa. Hazikuwa na harufu ya robota la mitumba, kwa hiyo hazikununuliwa Owino ili kumdanganya. Kwa hilo alishukuru. Kisha ndani ya sweta la buluu akakuta kitambaa kidogo cheupe kimeshonwa kwa mkono: E. Pollard, 14. Kwenye sketi: W. Tate, 6. Kwenye koti: W. Tate tena, 6.

Majina kwenye nguo za shule amekwisha kuyaona mengi. Lakini hizi ni nguo za watu wazima, na namba juu yake.

Akazipeleka kibandani, akamwonyesha Farhana. Farhana akazigeuza, akavaa miwani, akavua.

"Mama Lamwaka, hizi ni namba za vyumba."

"Umejuaje?"

"Si kaka yangu Wasim anafua nguo hotelini, pale Kansanga? Mgeni akitoa nguo ya kufuliwa, wanaitia namba ya chumba chake ili isipotee. Hivi hivi."

"Kwa hiyo mwanangu anafua hotelini."

Farhana akacheka kidogo. "Mfuaji hapewi nguo za wageni azilete kwao kwa sanduku. Anayeweza kuchukua ni mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye hoteli, mama wee."

Alanyo alisema huo ni upuuzi, lakini alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kifuani. Na jioni hiyohiyo, kupitia pazia la katikati, akamsikia Lamwaka akiongea Kiingereza kwenye simu. Kiingereza cha Alanyo ni kile cha kambini, ila namba anazijua. Lamwaka alikuwa akiuliza, "Kumi na nne kimeshapata mtu? Haraka hivyo?"

Basi hapo kila kitu kikajipanga. Mwenye hoteli hulala mchana, kwa sababu wageni huingia usiku. Mwenye hoteli ana nafasi, tena nyingi, ila hataki kusema ziko wapi. Na kama ni tajiri, mbona amemficha mama yake miaka yote? Mtu huficha ili asigawane, au huficha ili aondoke asirudi. Amekuja kuchukua kilicho chake kilichobaki, yaani mtoto, kisha namba ya simu itabadilika. Alanyo aliitia ile barua chini ya godoro bila kuigusa kwa kalamu.

Jumapili alikuja Obita, mdogo wa marehemu mumewe, polisi mstaafu, mtu asiyeweza kula bila kumhoji mtu. Alikuwa amevaa sweta jipya la kahawia aliloletewa na Lamwaka. Alanyo alikuwa amekwisha kumnong'oneza habari yote. Amito alipomaliza kula akaenda kucheza uani, na Obita akasogeza sahani.

"Binti, mimi nauliza tu. Hiyo hoteli yako iko na vyumba ngapi?"

"Hoteli gani, Baba mdogo?"

"Usinizungushe. Mimi nilikaa kituo cha polisi cha Jinja Road miaka ishirini, wezi wakubwa wamekaa mbele yangu. Kumi na nne tunaijua. Sita tunaijua."

Alanyo akaliweka sweta la buluu mezani, ukosi umegeuzwa nje. Lamwaka alilitazama. Kicheko kikaanza kumtoka, kisha kikakatika katikati.

"Nilidhani nimevitoa vitambaa vyote," akasema.

"Umevitoa kwa nini?" akauliza Alanyo.

"Kwa sababu ungeuliza." Akapitisha kidole juu ya jina. "Huyu alikuwa mwalimu. Alikaa chumba cha kumi na nne. Ni nyumba ya wazee, Mama. Watoto wao wanawaleta, wanalipia, wanakuja kuwaona Krismasi. Nguo zinashonwa majina kwa sababu zinafuliwa pamoja. Mimi nawalisha, nawaosha, nawageuza usiku. Huyu alikufa mwezi uliopita mikononi mwangu, na binti yake akasema chukua nguo, mimi sina pa kuziweka."

 Obita akainua ukosi wa sweta lake mwenyewe taratibu kwa kidole kimoja.

"Na hii?"

"Ya mzee Crabbe. Ishirini na mbili."

"Yuko wapi?"

"Naye alikufa, Baba mdogo. Lakini ilifuliwa."

 Obita alifungua kifungo cha juu, kisha cha pili, hadi vyote vikaisha. Akalikunja sweta vizuri kama ushahidi, akaliacha kitini, akaaga kwamba anawahi mkutano. Jumapili mchana, mkutano.

Alanyo hakumsindikiza. Alikuwa akimtazama binti yake kwa jicho lile analolitumia kwa wateja wanaosema watarudi kesho.

"Ofisini, ulisema."

"Ungeniambia nirudi."

"Ndiyo. Ningekuambia."

"Basi ndiyo maana."

"Mtoto atalala wapi?"

Lamwaka akaanza kusema nafasi ipo, akaacha. "Nina chumba. Tunakaa wawili, mimi na Abalo wa kule Kitgum. Yeye anafanya kazi dukani mchana, analala usiku. Mimi nalala mchana. Kitanda ni kimoja. Kodi ya huko, Mama, ukilipa chumba peke yako hutakula."

"Na Amito?"

"Nimefikiri. Usiku atalala na Abalo. Mimi nikirudi asubuhi, yeye anakwenda shule."

"Na Jumapili, mko nyumbani wote watatu?"

Lamwaka akaanza kukusanya sahani.

"Mpigie huyo Abalo," akasema Alanyo. "Picha inayotembea. Sasa hivi."

"Huniamini?"

"Nilikuamini miaka tisa. Piga."

Abalo alitokea kwenye simu na kilemba cha kulalia, akasalimia kwa heshima zote, akaambiwa azungushe. Pazia la kijani. Kitanda. Sinki yenye sufuria mbili. Mlango. Pazia la kijani tena. Mzunguko uliisha kabla Alanyo hajavuta pumzi ya pili.

Alanyo aliitoa barua chini ya godoro.

"Hii sitii saini."

"Mama, nimesumbukia karatasi hizi miaka mitatu."

"Tafuta kitanda kwanza. Nionyeshe kitanda, nitakwenda kwa mwenyekiti kwa miguu yangu."

"Ni mwanangu."

"Ni wako. Ndiyo maana sitaki alale kwa zamu."

 Lamwaka alijilaza kwenye kitanda cha mama yake na viatu vyake miguuni, akageukia ukutani. Ilikuwa saa tisa alasiri. Amito aliingia na miguu ya vumbi, akaona mama yake amelala, akapanda nyuma yake bila kuuliza, na baada ya muda akalala yeye pia.

Alanyo aliifunga barua kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili. Hata hivyo hakuwa na hakika. Mtu aliyeweza kutunza uongo miaka tisa anaweza kutunza usingizi wa uongo saa moja, na njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe na mtoto haihitaji saini ya bibi ukiwa na ujasiri. Akatandaza mkeka mlangoni, akajilaza kwa upana, ili atakayetoka amruke. Akasikiliza. Pumzi ya mtoto aliijua. Ile nyingine ilikuwa nzito na ya kukatika katika, kama ya mtu aliyezoea kuitwa na wazee usiku, na Alanyo akaendelea kuipima, akiisubiri ijisahau na kujifichua, mpaka mwenyewe akapitiwa na usingizi.