Paa la Nyuzi Ishirini na Mbili

Saa 12:40 asubuhi, bati la kwanza lililong'olewa na upepo wa usiku lilikuwa limelala katika alizeti za jirani yangu, mzee Sostenes, mita thelathini na moja kutoka gereji yangu. Nilipima. Mengine sita yalikuwa mbele yake.

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Msalato. Paa la gereji hiyo nililijenga mwenyewe, kila upande ukiinama nyuzi ishirini na mbili kamili. Saa nne kidato cha tatu walikuwa wanakuja kuliona, na nilikuwa nimewaahidi kwamba hesabu sahihi haiangushwi na kitu.

Jumamosi iliyopita, nikipigilia mabati, mzee Sostenes alisimama uani.

"Mwalimu, unaanzia mashariki?"

"Kanuni ni ileile pande zote, mzee."

"Sawa. Na upepo umeusomesha?"

Nilicheka kwa adabu. Upepo wetu hutoka mashariki, na kila bati nililolilaza juu ya mwenzake liliacha mdomo wazi kuelekea huko. Hilo halikuwamo katika daftari langu la hesabu.

"Shikamoo, mzee," nilisema asubuhi hii, nikiokota bati kwenye alizeti zake.

"Marahaba. Wanafunzi saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi lete ngazi. Leo tunaanzia magharibi."

Wanafunzi walipofika walipima mwinamo wa kenchi, mbao zinazobeba mabati: nyuzi ishirini na mbili. Hakuna aliyevutiwa.

Saa 5:20 bati la mwisho lilipigiliwa, upande wa mashariki. Mzee alikuwa juu akieleza, wanafunzi walikuwa wakiandika, nami nilikuwa nimeshika ngazi.