Mto wa Kuazima

Ramani ya mtandaoni ya manispaa, ile ambayo mji mzima uliifungua kwenye simu msimu wa mvua, haikuwa na kitu chake hata kimoja, na aliyeichora alijivunia jambo hilo. Barabara zilikuwa za idara ya barabara, zahanati za idara ya afya, mto na mafuriko yake vya idara ya maji. Kila mtu alipoifungua, ramani ilikwenda kubisha hodi kwenye kompyuta za idara hizo, ikapewa tabaka jipya la kila moja, ikayatandika moja juu ya jingine kama mashuka. "Mto wanaupima wao," mchora ramani alipenda kusema. "Mimi nikinakili, kesho nitakuwa na mto wa jana." Wenzake ofisini walikuwa wameshaikariri hotuba hiyo.

Mjomba wake, fundi cherehani, kitinda mimba kwa kina mama yake, aliishi mtaa wa chini. Mlango wake wa nyuma ulishuka kwa ngazi saba mpaka ukingoni mwa mto. Miaka yote alikuwa na kipimo chake: maji yakifika ngazi ya nne, anabeba cherehani zake na kuondoka. Mpwa wake ndiye aliyemwachisha kipimo hicho. Alikaa naye Jumapili nzima akamfundisha: ukiona bluu ya mafuriko imegusa mtaa wako, toka, usipoiona, shona nguo za watu. "Na hizo ngazi, mjomba, achana nazo. Maneno ya majirani vilevile. Amini ramani." Mjomba, ambaye kwa ubishi hana mpinzani, alibisha mpaka chai ikapoa, kisha akaamini. Na yeye akiamini, ameamini: mlango wa nyuma aliuziba kwa kabati la vitambaa.

Siku ya tatu ya mvua, saa nne asubuhi, mjomba alipiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Huku mvua inapiga mabati hata sijisikii. Lakini nimeangalia ramani yako, nyeupe pe! Nimetulia zangu, namalizia sare za shule."

"Afadhali."

"Ila leo mmetubania kweli. Hata mto wenyewe mmeufuta!"

Walicheka, wakaagana. Mchora ramani akachukua kikombe chake, akanywa funda moja, akakirudisha mezani. Mto haufutiki. Hata kiangazi, unapobaki wa kuvuka bila kuvua viatu, tabaka la idara ya maji huuonyesha kwa uzi mwembamba wa bluu.

Akafungua ramani. Barabara zipo, zahanati zipo. Mto hakuna, na wala hakukuwa na neno lolote la kueleza ulikokwenda.

Miaka mitano hakuwahi kufikiri kwamba tabaka lisilofika na tabaka lisilo na mafuriko yanaonekana sawasawa. Idara ya maji haikusema mtaa wa chini uko salama. Haikusema chochote, na ramani yake ikaugeuza ukimya huo kuwa habari njema.

Akampigia mjomba. "Toka humo ndani sasa hivi."

"Nitoke niende wapi? Ramani nyeupe."

"Ramani imekosea, mjomba."

"Nani kakwambia, majirani?" Mjomba alicheka. "Si ulinikataza maneno ya watu? Na wewe leo ni mtu tu. Bluu ikija nitaiona."

"Basi chungulia mlango wa nyuma, nakuomba!"

"Lile kabati nilisogeze na nani? Ngoja kwanza, nina mteja." Akakata.

Mchora ramani alitaka kulia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya mjomba. Alimwambia mkuu wa kitengo atume magari ya vipaza sauti yakawaonye watu wa mtaa wa chini, kisha akapiga simu idara ya maji. Mhandisi aliyepokea hakuwa na habari kwamba kuna tatizo.

"Tabaka la mto? Tulilihamishia kwenye seva nyingine jana usiku. Tulituma barua pepe."

"Kwa nani?"

Mhandisi akamsomea. Ilikuwa anwani ya mtu aliyemtangulia kwenye kile kiti, aliyestaafu zamani.

"Nipe anwani mpya ya tabaka. Herufi kwa herufi, kaka, tafadhali."

Aliiandika haraka, akakosea alama moja, akarudia. Mto ukatokea. Kisha ukapanuka, ukavuka barabara ya soko, ukaingia mtaa wa chini na kulifunika paa la mjomba. Alifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Simu ya mjomba iliita mara tatu bila kupokelewa. Ya nne mjomba akapiga mwenyewe, anahema, yuko barabarani.

"Nimeiona bluu yako, imenikalia utosini! Nimetoka na cherehani moja, mbili zimebaki. Navuka kizingiti hivi, nageuka, lile kabati linasogea lenyewe."

Wiki ile ramani ilibadilishwa. Tabaka lisipofika, eneo lake linakuwa la kijivu na juu yake panaandikwa: HATUJUI. Mkuu wa kitengo aliguna. "Ofisi ya serikali inaandikaje haijui?"

"Tuandike uongo, mkuu?"

Mkuu akasaini. Mchora ramani akapiga simu kila idara, akaacha jina na namba yake kwa mtu, si kwa sanduku la barua.

Jioni alimwonyesha mjomba, aliyekuwa amehamia sebuleni kwake baada ya mafuriko, akifuta kutu kwenye ile cherehani moja. Alilizima tabaka la mto kwa makusudi. Mjomba aliigusa ile rangi ya kijivu kwa kidole.

"Sasa nikiona hivi, nifanye nini?"

Jibu la kiofisi lilikuwepo, piga namba hii, na alikuwa amefungua mdomo kulitoa. Akaitazama cherehani.

"Nisamehe, mjomba," alisema. "Hesabu ngazi."