Maji Kwenye Ngazi

Mtu akiniambia tena "jipe moyo," namzaba kofi. Nasema kweli, hapa hapa. Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja, hesabu za ujenzi wa madaraja, na nilikuwa nimeufeli mara mbili, Juni na Septemba. Huu wa Februari ulikuwa wa tatu na wa mwisho. Nikifeli, jina langu linafutwa, narudi kijijini kwa mama kuchuma waridi.

Chuo kikanituma kwa mshauri wa wanafunzi, kijana mmoja anaitwa Plamen, tai shingoni, kahawa mkononi. Akanipa karatasi ya mawaidha. Amka mapema. Panga siku yako. Tabasamu mbele ya kioo.

"Kwani dada Ralitsa, unaamka saa ngapi?"

"Saa tisa usiku. Nakunja banitsa, zile andazi za jibini, kwenye duka la mikate mpaka saa mbili, halafu nakimbilia darasani."

Akakohoa. "Basi... jaribu kulala mapema."

Ama kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Ile karatasi nilifutia viatu.

Hapa mjini Ruse sikuwa na mtu. Bibi Nevyana, jirani wa chini, kazi yake ilikuwa kugonga dari kwa mpini wa ufagio kila nikitembea. Na ngazi za nje za jengo letu nazo zilikuwa na mkosi. Juni zilikuwa zimelowa, nusura nianguke. Septemba zikalowa tena, nikaingia mtihanini viatu vinalia chwa, chwa. Jioni ile nikabandika tangazo kwenye mlango wa jengo: "Wewe unayelowesha ngazi, huna adabu." Nililibandika kwa gundi ya kazini, ile haitoki.

Siku ya mtihani niliomba ruhusa kazini, na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nafungua mlango, hatua ya kwanza, ya pili, miguu ikanitoka, nikaporomoka mpaka chini. Mkono wa kulia ukalia kah! Ngazi nzima ilikuwa barafu.

Bibi Nevyana akatoka mbio, ndara miguuni, birika la shaba mkononi, bado lina ua jekundu.

"Uwi, mwanangu! Ni maji yangu! Nimekumwagia njiani kama wazee walivyotufunza, mambo yako yaende kama maji!"

"Maji yanakwenda wapi Februari, bibi? Yanaganda! Una kichwa wewe au una boga?"

"Nenda hospitali."

"Hospitali! Mtihani ni saa tatu!"

Nikaondoka. Akanifuata na ndara zake kwenye theluji. Nikamwambia arudi nyumbani akagonge dari. Hakurudi. Njia nzima nilimporomoshea maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Pale mlangoni msaidizi wa profesa akautazama mkono, umevimba kama mkate wa chachu. "Mtihani ni wa kuandika. Huwezi kuandika, huwezi kufanya. Sheria."

Nilitaka kumng'ata. Bibi akanitangulia.

"Na ulimi? Ulimi nao umevunjika? Niulize mimi, amenitukana kutoka nyumbani mpaka hapa bila kupumzika!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Profesa Drenski akachungulia, akanitazama, akasema, "Aingie. Atajieleza kwa mdomo."

Nilijieleza kwa hasira. Aliponiuliza mzigo unahamia wapi nguzo moja ikiondolewa, nilimjibu kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyeiondoa. Mkono unawaka moto, machozi yananitoka, nazidi kusema. Saa nzima. Mwishowe akaandika nne kati ya sita. Tatu tu ingenitosha.

Bibi alikuwa kwenye benchi, ndara zimelowa chapachapa.

"Je?"

"Nne."

Akafanya ishara ya msalaba. "Unaona? Maji yamekubali."

Damu ikanichemka upya. "Maji gani! Nimefaulu kwa jasho langu! Sijasaidiwa na mtu, Juni, Septemba, wala leo!"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Juni nilimwaga," akasema. "Ukapita unatukana. Septemba nikabadilisha ua, nikamwaga tena."

Nikaketi kwenye benchi kando yake.

"Halafu ukabandika tangazo. Nikasema, mtoto amechoka huyu, na hana mtu. Kwa hiyo leo nimemwaga mapema, giza bado, usije ukaniona ukaingia mtihanini na hasira."

Giza bado. Maji yakapata muda wa kuganda. Nilitafuta wa kumkasirikia, na hasira ilikuwepo tele, lakini wa kumpa sikumwona.

Hospitali walinifunga plasta. Tuliporudi, tangazo lilikuwa pale pale mlangoni. Nikaanza kulibandua kwa ukucha, mkono wa kushoto. Gundi ile haitoki upesi. Bibi Nevyana alisimama pembeni, akanishikia mlango mpaka nikamaliza.